Katriji Inayofanya Kazi Bado Inaweza Kuharibu Konsoli

Wateja wanaotuletea katriji za fleshi walizojitengenezea wenyewe (vibweta vya michezo ya video vyenye chipu ya kumbukumbu inayoweza kufutwa na kuandikwa upya) huuliza swali lilelile: mchezo unafunguka na picha ni safi, kwa nini basi tunashauri bodi itengenezwe upya? Sababu ni volti. NES, Mega Drive, Game Boy ya kwanza na Super Nintendo, mashine zilizobuniwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990, hutumia volti 5 katika nyaya zinazoingia kwenye katriji, ilhali chipu nyingi za fleshi zinazouzwa leo zimeundwa kwa volti 3.3.

Fundi anayeijua nusu ya habari hii huweka kidhibiti cha kushusha umeme na kudhani amemaliza. Kidhibiti hicho huilisha chipu tu. Pini za anwani na za data, yaani miguu ya chipu inayopokea ombi la konsoli na kurudisha taarifa za mchezo, bado hupigwa na volti 5 kutoka konsoli. Ziada hiyo hupenya kwenye diodi za ulinzi (vijenzi vidogo vinavyopitisha umeme upande mmoja tu) zilizomo ndani ya chipu, ambazo hazikuwekwa zibebe mzigo kwa saa nyingi mfululizo, na konsoli nayo hulazimika kutoa mkondo ambao haikukusudiwa kuutoa. Hali hiyo inaweza kuendelea kwa muda mrefu bila dalili yoyote. Katriji ikifa, hasara ni ndogo. Tunachokihofia ni konsoli yenyewe, ambayo chipu zake maalumu hazitengenezwi tena.

Katika karakana yetu tunatumia chipu halisi za volti 5, kama 29F040 yenye kilobaiti 512 au 29F016 yenye megabaiti 2, pale zinapopatikana. Tatizo ni kwamba nyingi hung'olewa kwenye vifaa vikuukuu, na baadhi husuguliwa na kuandikwa jina lisilo lake, kwa hiyo kila moja tunaisoma namba yake ya utambulisho, tunaifuta, tunaiandika na kuihakiki yote kabla ya kuilehemu. (Kazi inachosha, lakini kung'oa chipu mbovu iliyokwisha kulehemiwa kunachosha zaidi.) Zisipopatikana, tunaweka chipu ya volti 3.3 pamoja na vibadilisha volti vya aina ya 74LVC245, tukihakikisha kwamba kile cha data kinafunguka pale tu konsoli inaposoma katriji. Kikibaki wazi wakati wote, katriji na konsoli zitavutana kwenye nyaya zilezile.

Michezo ya Game Boy Advance na Nintendo 64 haina shida hii, kwani nyaya za katriji zake ni za volti 3.3.

Kabla ya kutuletea katriji, ifungue usome jina la chipu kubwa. Herufi 29F kwa kawaida humaanisha volti 5. Ukiona 29LV au 29GL, na karibu yake hakuna chipu nyingine isipokuwa kidhibiti cha umeme, usiichomeke tena kwenye konsoli ya volti 5 hadi tutakapoikagua.