Barua kwa mwanangu: kistari na sifuri

Muheza, Tanga

Mwanangu Mwanaidi,

Barua yako imefika, nimemsomea mama yako kwa sauti akichambua mchele. Sote wazima. Machungwa yamezaa mpaka tumeyawekea matawi nguzo, ila bei ndiyo ya kulia.

Umepata nafasi Marekani, uzamivu wa biolojia uliochanganywa na hisabati na kompyuta, na badala ya furaha umejaza ukurasa mzima wa hofu. Eti watu wa hesabu watakuona mtu wa mbu, na watu wa mbu watakuona mtu wa kompyuta. Utakuwa popo, si ndege si mnyama. Mama yangu, mimi niliishia kidato cha nne, lakini miaka 27 nimeshinda na mbu, kwa hiyo hapo ninalo la kusema.

Kazi yangu unaijua. Usiku tunakaa kwenye nyumba ya mtu, suruali imekunjwa hadi magotini, tochi mkononi. Mbu akitua unamvuta kwa bomba kabla hajauma. Asubuhi unampasua chini ya darubini. Wazee walionifundisha waliipokea kazi hii kutoka zama za watafiti Gillies na Wilkes, waliopasua maelfu ya mbu wa hapa hapa kwetu na kuchapisha matokeo mwaka 1965. Walikuwa wanatafuta umri. Mbu jike kila akitaga, kwenye vijiriba vya mayai hubaki kifundo kidogo. Ukihesabu vifundo umejua ametaga mara ngapi. Unakivuta kijiriba kwa sindano mbili ndani ya tone la maji ya chumvi, pumzi umeizuia. Ukikohoa, mbu wako kaharibika, tafuta mwingine.

Umri una maana gani? Kimelea cha malaria kikiingia kwa mbu huchukua siku 10 hivi au zaidi kabla mbu huyo hajaweza kuambukiza. Tuseme 12. Kama kila siku mbu 90 kati ya 100 wanaamka wazima, baada ya siku 12 wamebaki 28. Wakiamka 80, wanabaki 7. Ulikuwa kidato cha pili uliponipigia hesabu hiyo kwenye karatasi ya maandazi, nami nikakuambia rudia, umekosea. Kumbe George Macdonald alishaipiga miaka ya 1950: kumfupishia mbu maisha kunaiumiza malaria kuliko kumpunguza idadi tu. Ndiyo maana dawa ya ukutani inasaidia. Naye Macdonald alikuwa daktari, wala hakuwa mwalimu wa hesabu. Huyo naye popo?

Sasa kisa ambacho sijawahi kukusimulia. Mradi mmoja, sitautaja, tulikuwa tunajaza fomu usiku kwa usiku. Masika yale daraja lilifunikwa na maji, usiku 6 hatukufika kijijini. Nikaandika kistari, yaani hatukwenda. Fomu zikapelekwa mjini, aliyeziingiza kwenye kompyuta akaona kistari, akaweka sifuri. Baada ya miezi akaja kijana mmoja, mwerevu kwelikweli, na picha zake za rangi ukutani: mstari wa mbu unaporomoka katikati ya masika. Masika, Mwanaidi! Wakati mbu wanaingia hadi kwenye sufuria. Akaeleza kwamba mvua kubwa imesomba viluwiluwi. Na kweli mvua kubwa husomba viluwiluwi, ndiyo maana kila mtu aliitikia kwa kichwa.

Mimi nilikuwa nyuma karibu na mlango, nimeshika birika la chai. Nikanyamaza. Nilijiambia, wewe mshika bomba, umsahihishe msomi? Nilikuja kumwambia dereva tu, wakati anapakia mizigo. Dereva akamwambia yule kijana njiani, na gari likageuzia Pongwe. Alikaa nami hadi saa nne usiku, fomu moja moja, kistari kimoja kimoja.

Kwa hiyo upopo haunitishi. Kinachonitisha ni yule wa katikati aliyeweka sifuri, maskini, hakuwa na ubaya wowote, daraja lenyewe hakuwahi kuliona.

Umesema mwaka wa kwanza mtazungushwa maabara tatu, wiki kumi kila moja, kabla ya kuchagua msimamizi. Anza na ile ya hesabu unayoiogopa, ungali na nguvu. Profesa usimpime kwa sifa zake. Mtazame anavyozungumza na anayeosha vyombo vya maabara. Kisha uwe na kazi moja ya mkono unayoijua hadi mwisho. Wakikuuliza unajua nini, waambie napasua mbu, halafu hayo mengine yafuate. Kompyuta utajifunza, wewe hujawahi kushindwa na kitu chenye vitufe.

Miaka mitano au sita, umeandika. Mama yako kahesabu kwa vidole, kisha karudi kwenye mchele wake. Mpigie simu mwenyewe, mimi usinitume.

Sindano zangu mbili nimezitia kwenye kiberiti na kukifunga kwa uzi. Kaka yako atakuletea Dar Ijumaa. Ziweke kwenye begi kubwa. Ukizishika mkononi pale uwanja wa ndege huenda wakazitupa.

Baba yako