Mwanangu, tukiibomoa hiyo nyumba tuibomoe kwa akili

Mwanangu, salaam nyingi kwako, mkeo na wajukuu zangu. Huku Kariakoo hatujambo, joto tu ndo limezidi. Ile voisi yako nimeisikiliza vizuri, nikaona nikijibu kwa sauti nitasahau mengi, bora nikuandikie, nawe utulie usome mpaka mwisho usiruke maana nakujua.

Unasema tumkubalie yule mwekezaji, tumpe kiwanja apandishe ghorofa, sisi tupate fleti zetu kwa ubia. Nikwambie mapema, mama'ko sikatai. Sitaki mkae na dada zako mseme mama kang'ang'ania nyumba ya marehemu baba. Macho ninayo, nyumba za chini mtaani kwetu zimebaki za kuhesabu, ghorofa zimetuzunguka pande zote mpaka nguo nikianika uani zinapata jua la saa sita tu, likipita hapo basi. Na watu wameongezeka jamani, sensa ya 2002 Dar tulikuwa kama milioni 2 na nusu, ya 2022 tukapita milioni 5.3, sasa hao wote walale wapi kama kila mtu anataka nyumba ya chini? Mengine yaliyobadilika nayashukuru kabisa. Kwa shangazi'ko Kimara zamani nilikuwa naenda kwa shida, tangu mabasi ya mwendokasi yaanze 2016 napanda hapo Gerezani, tutabanana ndio, lakini nafika na kurudi kabla giza halijaingia, na wewe mwenyewe tangu treni ya umeme ifike Dodoma 2024 nakuona kuliko enzi zile za basi.

Ila kuna kitu hamkihesabu. Mkiongelea fleti mnahesabu vyumba, mnahesabu marumaru, choo cha ndani, sijui eisii. Baraza hamlihesabu, uani hamuuhesabu, na mimi nasema hivyo ndo vilivyotulea.

Unakumbuka yule mama mpangaji wetu wa chumba cha mbele alipofiwa na mumewe? Hakuna aliyepigiwa simu. Kilio kimesikika, muda si muda uani kumejaa, huyu kaja na sufuria, yule na jamvi, wengine wameshakaa chini wanachambua mchele, wanaume wako barazani wanapanga kaburi na kuandika michango kwenye daftari, turubai likafungwa pale mlangoni. Mjane hakuulizwa hata chumvi iko wapi. Sasa jirani yetu mmoja wa siku nyingi aliyeuza akahamia ghorofa ya saba hapohapo mtaa wa pili, alipofariki nimeyaona kwa macho yangu. Lifti mbovu, tumepanda ngazi na masufuria, wenye umri wangu tunapumzika kila ghorofa, juu mkaa hauruhusiwi kwa hiyo hakuna kupika chakula cha watu wengi, wanaume wamesimama chini barabarani katikati ya mabelo ya mitumba na mikokoteni wanaambiwa kila saa wapishe. Mpaka alasiri familia ikaona isiwe tabu, msiba ukahamishiwa Mbagala. Mtu kazaliwa Kariakoo kazeekea Kariakoo, msiba wake ukakosa pa kukaa Kariakoo! Niliumia sana mwanangu, mpaka leo naumia. Na majirani wa lile jengo sio wabaya, wana grupu lao la WhatsApp na rambirambi walituma wengi tu, ila mle wanaongea hela ya jenereta na bili ya maji, ana kwa ana watakutana wapi?

Ndo maana nataka tuyaweke kwenye mkataba, sio mdomoni. Najua chini hatatuachia hata upenyo maana hela ya Kariakoo iko kwenye fremu za maduka, na kilemba chake, ile hela ya kupewa fremu kabla ya kodi, unakijua. Sawa, achukue chini. Lakini ghorofa ya kwanza juu ya fremu tuachiwe sehemu ya wazi ya wakazi wote, iwe na bomba na pa kupikia, ya shughuli na misiba, isije kugeuzwa stoo ya mzigo. Fleti yangu iwe hapohapo, sitaki kuzeeka nikisubiri lifti. Pili, nani atalipa kodi yangu muda wote wa ujenzi, na asipomaliza kwa wakati inakuwaje? Tatu wapangaji, yule fundi cherehani na bibi wa chumba cha nyuma wapewe notisi ya kueleweka na kitu cha kuanzia, sio kuamshwa na nyundo. Na vibali vyote tuvione, udongo upimwe, injinia awe wa kweli, ghorofa ile iliyoporomoka hapa Kariakoo Novemba 2024 watu walikuwa ndani na biashara zao, siwezi kusaini kitu cha kuja kuua watoto wa wenzangu.

Akikubali hayo, tubomoe. Akikataa, aende, wawekezaji wapo wengi na kiwanja hakiozi. Usimjibu chochote kwenye simu kwanza. Wikiendi ukija njoo na yule rafiki yako mwanasheria, na dada zako nishawaambia, tukae wote tusome huo mkataba wake mstari kwa mstari.

Mama'ko