Badilisha hiyo tiketi ya tarehe 24

Tanga, 1 Desemba 2024

Mwanangu Mwanaidi,

Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu ukishasema "mama, punguza redio" najua mazungumzo yamekwisha. Nimempa mdogo wako aipige picha akutumie. Isome yote, usirukeruke kama unavyofanya meseji zangu.

Badilisha tiketi. Harusi ya kaka yako ni Jumamosi tarehe 11 Januari. Trump anaapishwa Jumatatu tarehe 20. Wewe umekata kurudi tarehe 24. Najua unaandika tasnifu na profesa kakuruhusu, lakini siku hizo za mwisho unabaki kufanya nini huku? Kula embe? Tarehe 15 uwe umeshatua huko Ohio, Marekani.

Unasema visa yako ni ya masomo na Tanzania haimo kwenye orodha yoyote. Sawa. Mwaka 2017 aliapishwa tarehe 20 Januari, tarehe 27 akasaini amri ya kuzuia watu wa nchi saba kuingia Marekani, Somalia na Sudan zikiwemo. Kuna watu walikuwa bado angani. Walipanda ndege wana ruhusa, wakashuka hawana. Hata wenye green card, kile kibali cha kuishi Marekani moja kwa moja, walizuiwa uwanjani. Na sisi Watanzania zamu yetu ilifika mwishoni mwa Januari 2020, tukafungiwa bahati nasibu ya green card, sisi na Sudan. Nani alijua tumo? Biden alikuja kuifuta siku aliyoapishwa, lakini waliopitwa walikuwa wamepitwa.

Unajua namsema nani. Jina la kaka yako lilitoka Mei 2019. Usilolijua, maana ulikuwa bweni, ni kwamba fomu ilingoja pasipoti, pasipoti ikangoja shilingi 150,000, na hizo zilikuwepo, kwenye lile kopo la majani ya chai. Mvua za vuli zilikuwa zinakaribia, na bibi yako alikuwa analala chumba cha nyuma. Nikanunua bati. Nilisema mwezi ujao nitazirudisha. Mpaka nimezirudisha na mengine yamefuata, Februari ikatukuta. Hajawahi kunisema kaka yako. Wewe ungenisema.

Baba yako anaona nakuza mambo. Anasema huyo bwana ataanza na walioingia kwa kuvuka mpaka, wanafunzi wanalipa ada, nani atafukuza pesa? Labda. Lakini safari hii tena Seneti na Baraza la Wawakilishi vyote vitakuwa vya chama chake, na mwenyewe anasema siku ya kwanza tu ataanza kusaini. Halafu hapo hapo kwenu Ohio, wale Wahaiti wa Springfield aliosema wanakula mbwa na paka za watu, wengi wao si walikuwa na vibali halali? Usinijibu habari za kibali tena. Na nimesikia vyuo vingine huko vinawaambia wanafunzi wa kigeni wawe wamerudi kabla ya tarehe 20. Chuo chenu kimesema nini? Hukuniambia. Wewe ukinyamaza huwa kuna jambo.

Kazini nako wanaulizana hayo hayo. Wale mabinti wawili wanaoingiza takwimu pale CTC, kliniki yetu ya dawa za UKIMWI, mkataba wao ni wa pesa za Marekani. PEPFAR, huo mpango wa Marekani wa UKIMWI, ulianzishwa na Bush mwaka 2003, na Bush ni wa chama hicho hicho, kwa hiyo daktari anasema hautaguswa. Mimi najua mara ya mwisho Bunge lao liliuongezea mwaka mmoja tu, unaisha Machi. Alhamisi mzee mmoja aliinama dirishani akaninong'oneza, "Sista, nipe dawa za miezi sita, huwezi kujua." Nikampa za mitatu kama cheti kilivyoandikwa. Akazihesabu kopo moja moja mbele yangu, akazifunga kwenye leso.

Kabla hujaondoka, ile I-20, fomu ya chuo ya wanafunzi wa kigeni, waombe wakusainie mapema, usisubiri wafunge ofisi kwa Krismasi. Barua ya chuo na risiti za ada uwe nazo kwenye mkoba wa mkononi. Mwaka juzi begi lako lilibaki Doha siku tatu.

Picha yako ya kofia ngumu kwenye mtambo wa maji nimewaonyesha kina mama wote wa madrasa. Nimewaambia huyu ndiye atakayekuja kutuletea maji Tanga. Wakasema umekonda. Kweli umekonda. Na mama yako mdogo umpigie, tangu Idi analalamika kuwa dada mwenyewe wa bwana harusi hajamwambia hata neno.

Kitenge cha sare ni kile cha kijani, cha zambarau kiliwashinda kwa bei. Fundi anataka kipimo cha kiuno chako wiki hii. Mbuzi tumepata wawili, wa tatu anko wako ameahidi, nawe unazijua ahadi zake.

Wanasema kubadilisha tiketi kuna faini. Zamu yangu ya upatu ni tarehe 10. Bati la chumba cha nyuma limeanza tena kuvuja upande wa dirishani, nimeweka ndoo. Uniambie hiyo faini ni kiasi gani.

Mama yako