Kabla hujanunua GPS ya mkononi, soma hii kwanza

Swali tunalopata sana hapa dukani Moshi ni "simu yangu si ina GPS, ya nini tena ninunue hii?" na jibu letu ni kwamba kama unaenda Materuni kuona maporomoko ya maji halafu jioni uko mjini, simu inatosha kabisa, we daunlodi ramani mapema tu ukiwa na wifi, maana GPS ya simu inashika setelaiti moja kwa moja hata pasipo na mtandao. Hela yako kaa nayo.

Ila mtu wa kupanda mlima siku 6 au 7, au anayeingia porini kwa wiki, huyo tunakaa naye tuongee vizuri. La kwanza ni betri. Garmin eTrex 22x inakula betri mbili za AA, zile za saa ya ukutani, na inakaa kama masaa 25, zikiisha unatoa unaweka nyingine safari inaendelea. Sasa kule juu usiku wa kwenda Uhuru, kilele cha Kilimanjaro, baridi inamaliza betri za kawaida haraka mno, kwa hiyo beba za lithiamu, na pia chagua ya vitufe sio ya kugusa skrini kwa sababu utakuwa umevaa glovu nene.

La pili ni dira. eTrex 22x na eTrex 32x zinafanana kama mapacha ndo maana watu wanachukua ya bei nafuu, lakini 32x ina dira ya elektroniki na kipimo cha mwinuko kinachosoma mgandamizo wa hewa, 22x haina. Mshale wa 22x unajua unakoelekea ukiwa unatembea tu, ukisimama haukuambii kitu, na njia panda kwenye ukungu ndipo watu wanaposimama. Ukiweza kuongeza hela, ongeza hapo.

Halafu kuna hili la setingi ambalo kwa kweli linatuuma. Ramani za karatasi za zamani za Tanzania na Kenya zimechorwa kwa datumu (yaani msingi ambao namba za mahali zinahesabiwa kutokea) inayoitwa Arc 1960, na GPS ikitoka kwenye boksi inakuja na datumu nyingine, WGS 84. Ukichukua namba za kwenye ramani ukaziingiza bila kubadilisha, unakosea karibu mita 300! Mteja wetu mmoja alitafuta chemchemi asubuhi nzima akiwa ng'ambo ya korongo sio yenyewe, akarudi akisema mashine mbovu, kumbe mashine nzima, ni sisi tulimuuzia bila kumuuliza anatumia ramani gani. Tangu siku ile tunauliza kila mtu.

Na wale wa viwanja jamani, hizi zinakosea mita 3 mpaka 5 hata mahali pa wazi, kwa kiwanja cha 20 kwa 20 huo ni ugomvi na jirani, tafuta mpima ardhi aliyesajiliwa.

Ukija kununua njoo na ramani yako na usije na haraka, tunatoka wote nje pasipo na paa, tunasubiri ishike setelaiti, tunaweka datumu, unapiga pointi mbili tatu mwenyewe, yaani unahifadhi mahali ulipo, kisha unazunguka mtaa na kuzirudia kwa mshale, ukizipata ndo tunaandika risiti.