Usiyang'oe Kwanza Hayo Majani

Tongoni, Tanga
22 Septemba 2024

Shoga yangu mpenzi Mwanaidi,

Assalaam aleikum. Barua yako nimeipata Ijumaa kwa mkono wa kondakta, pamoja na kile kifurushi cha dagaa. Mama amekushukuru sana. Goti bado linamsumbua, ila kunde zake anapalilia mwenyewe na hataki kusaidiwa.

Hongera kwa kupata shamba la mwani hapo Mlingotini. Nimefurahi kwa dhati. Lakini kuna mahali katika barua yako nimesoma mara tatu, pale uliposema mnatafuta vijana wa kung'oa "yale majani marefu yanayosumbua kamba". Mwanaidi, nakuomba uisome barua hii mpaka mwisho kabla vijana hao hawajaingia majini.

Majani hayo nayajua. Tangu utotoni tumeyaita mwani, na kwa maneno ya pwani hatukukosea, lakini si mwani. Mwani unaoufunga kwenye kamba hauna mzizi, hauna ua wala mbegu. Unakata kipande, unakifunga, kinakua. Haya ni nyasi bahari, mmea kamili kama mpapai, wenye mizizi, maua, matunda na mbegu. Asili yake ni mimea ya nchi kavu iliyorudi baharini mamilioni ya miaka iliyopita, na ikarudi na maua yake.

Kwa jinsi ulivyoyaeleza, nadhani ni ule unaoitwa kitaalamu Enhalus acoroides. Jina la kwanza ni la Kigiriki, maana yake ndani ya chumvi, au ndani ya bahari, kwani kwa Kigiriki cha kale neno la chumvi na la bahari ni lilelile. Ndio mkubwa kuliko nyasi bahari zote za bahari za joto. Jani lake ni kama utepe, upana wa kidole, na urefu wake huweza kupita mita moja. Papasa chini ya mchanga utakuta shina nene linalotambaa kama tangawizi, limefunikwa nywele nyeusi ngumu. Nywele hizo ni masalio ya majani ya zamani: jani lenyewe linaoza, nyuzi za kingo zake zinabaki, kama makumbi ya nazi. Ukiziona hizo, basi ndio wenyewe. Haupendi mawimbi makali. Hukaa kwenye ghuba zilizotulia, penye mchanga wenye tope, jirani na mikoko, na huko kwako ndivyo palivyo.

Sasa nikueleze nilichokiona jana. Maji ni ya bamvua, yale yanayojaa na kupwa kupita siku nyingine, unajua mwezi umepevuka juzijuzi tu. Karibu na saa sita mchana yalikuwa yamekupwa kabisa, majani yamelala juu ya maji kama mikeka iliyoanikwa. Nikaona vitu vyeupe vidogo kama chenga za mchele, vingi visivyohesabika, vinaelea na kusukumwa na upepo. Kwanza nilidhani ni chembe za yale maboksi meupe ya samaki. Nikainama, nikachota kiganjani. Yalikuwa maua!

Mmea huu ni kama mpapai, dume mbali na jike mbali. Mmea dume hubeba maua yake ndani ya kifuko kule chini, karibu na shina. Yakikomaa hukatika yenyewe, hupanda juu kama viputo, hufunguka na kuelea. Ua jike nalo lina kikonyo kirefu kinacholifikisha mpaka usoni mwa maji, na petali tatu zilizokunjamana. Madume yakipita na upepo hunaswa humo. Maji yakianza kujaa, ua jike hujifunga na madume hayo ndani. Kisha kile kikonyo hujikunja mzunguko kwa mzunguko kama springi, kikalivuta tunda kwenda chini. Nyasi bahari nyingine nyingi huchavushana humohumo majini, lakini huu husubiri maji yapwe hasa. Nilisimama pale mpaka maji yakanifika magotini. Miaka yote nimepita juu yake na ndoo kichwani, sikuwahi kuinama.

Tunda likiiva hupasuka, mbegu zikaelea saa chache tu, kisha zikazama. Hazina subira ya mbegu za mahindi, huwezi kuziweka ghalani. Huanza kuota mara moja, na zikiangukia pabaya zimekufa.

Na hapa ndipo ninapotaka unisikilize. Jani hukua upesi. Samaki tafi akilitafuna, au mkifyeka kidogo kupitisha kamba, baada ya wiki chache limerudi, kwa sababu linakua kutokea chini kama jani la mchaichai. Shina silo. Shina hutambaa sentimita chache tu kwa mwaka mzima. Mtakachong'oa kwa bamvua moja, shoga yangu, kitachukua miaka mingi kujirudishia.

Nasema kwa sababu nimefanya. Mwaka 2012 kikundi chetu, wanawake kumi na mmoja, tulifundishwa na mtu aliyetuambia shamba safi ni mchanga mtupu. Tukang'oa kwa majembe na mapanga. Mavuno ya kwanza yalikuwa mazuri, sikatai. Kusi ilipoanza kuvuma mchanga ukahama, maana kilichokuwa kimeushika tulikuwa tumekitoa wenyewe. Vigingi vikalegea, kamba zikasongamana, maji yakawa na tope. Kaka Hamisi alikuwa akitega madema yake pembeni ya majani yale, kama alivyotega marehemu baba yake, akipata tafi na pono. Akahamia mbali, na kila siku anapiga makasia zaidi. Hajanilaumu hata mara moja, na hilo ndilo linaloniuma. Jana nimepapitia pale: upande mmoja yameshaota yale majani madogo mafupi, upande mwingine ni mchanga bado. Haya marefu yapo ukingoni tu, tulipoyaachia.

Najua utaniambia majani yanaleta tafi na tafi wanakula mwani. Ni kweli wanaula. Lakini ukiwaondolea majani, mwani wako ndio utakuwa kitu pekee cha kijani mbele yao. Mimi sioni faida hapo. Na si tafi peke yao. Vichangu vidogo hukulia humo, kasa wa kijani hula humo, na nguva, ambaye siku hizi amebaki kwa uchache upande wa Rufiji na Mafia, chakula chake ni nyasi hizi hizi.

Jambo jingine ni mwanga. Nyasi hizi haziishi gizani, na huko kwenu masika mto Ruvu unamwaga tope baharini, kwa hiyo tayari zina shida ya kutosha. Mkitandaza kamba za mwani juu yake zitapata kivuli kingine, tena mtazikanyaga kila siku. Kwa hiyo sikushauri ulime juu yake pia. Tafuta sehemu yenye mchanga wazi, hata kama ni mwendo kidogo, au mzungumze na wenzako muende maji ya kina mkalime kwa kamba ndefu zinazoelea. Kwenye maji ya kina pia mwani hauungui na joto la maji ya kupwa. Ikibidi kupita katikati ya majani, acheni njia moja, wote mpite hapohapo.

Mwezi utaandama mwanzoni mwa Oktoba. Tarehe 3 au 4, karibu na saa tano asubuhi, shuka majini upande wa upepo unakoelekea, maana maua hukusanyika huko. Papasa shina, unitumie kapicha ka nywele zake nyeusi. Nami nikipata nauli nitakuja mwisho wa mwezi huo, tuchague pamoja mahali pa kupigilia vigingi.

Nisalimie shemeji na watoto. Mwambie Asha kile kitenge chake nimekishona.

Wako akupendaye,
Zainabu