Twiga Stars wamepigwa nne na hakuna aliyenuna

Mhariri shikamoo, na kama wewe ni mdogo wangu basi hiyo ya bure. Mimi ni bodaboda hapa Tanga, kijiwe chetu kipo Makorora, na gazeti lako nalisoma kila siku naanzia ukurasa wa nyuma, siasa baadae kama abiria hawajatokea. Naomba nafasi niseme kitu kimoja kuhusu Twiga Stars, timu yetu ya taifa ya wanawake, kinanikera tangu Julai na juzi hii CHAN, yale mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, ndo imenimaliza kabisa.

Tarehe 22 Agosti 2025 Taifa Stars, timu ya wanaume, wametolewa na Morocco pale kwa Mkapa, goli moja tu la yule Lamlioui, nchi ikanuna. Kijiweni siku mbili nzima hakuna kazi, abiria anakuja anakuta watu wamesimama kwenye pikipiki wanagombana nani alitakiwa kumkaba nani. Kocha Hemed Suleiman alisemwa mpaka nikamuonea huruma, na utani nao haukuisha maana jina lake la utani si ndo Morocco, sasa watu wanauliza Morocco katolewaje na Morocco. Redio asubuhi wachambuzi, mchana wachambuzi, usiku wanarudia ya asubuhi. Na wewe mhariri ulitoa kurasa za kutosha, nilisoma zote, sikulalamika, ndo mpira huo.

Sasa rudi nyuma mwezi mmoja na kidogo. Jumatatu ya Julai 14, Twiga Stars wapo Berkane huko huko Morocco, WAFCON, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika la wanawake, mechi ya mwisho ya kundi na Ghana. Tuna pointi moja, tukishinda tunaingia robo fainali, kitu ambacho hakijawahi kutokea tangu tuzaliwe. Tukapigwa nne moja. NNE. Kesho yake nikanunua gazeti nikitegemea moto, nikakuta habari kwenye kona ya chini kama tangazo la kiwanja kinauzwa, na maneno yenyewe eti mabinti wamejitahidi wamepata uzoefu. Nikawasha redio, wanaongelea usajili. Kijiweni nikajaribu kuanzisha mada, mmoja akaniambia "aah wale dada zetu bwana, wamejitahidi" alafu akarudi kwenye Simba na Yanga.

Hiyo "wamejitahidi" ndo iliyonifanya niandike barua. Mtoto wako akileta ripoti mbaya kutoka shule unamuuliza, unamgombeza, unataka kuona na daftari. Mtoto wa jirani akifeli unasema masikini atajitahidi, unaendelea kunywa chai. Twiga tumewafanya mtoto wa jirani.

Na mimi sijitoi, nisikilize. Siku hiyo ya Ghana tulienda kibandaumiza, mwenye banda ubaoni kaandika mechi za wiki kwa chaki, Twiga hayupo. Jana yake tu fainali ya Kombe la Dunia la klabu, Chelsea na PSG, banda lilijaa watu mpaka madirishani. Siku ya Twiga tukafika saba, akasema kwa watu saba hawashi jenereta wala tivii, tukachanga buku buku akakubali kwa kununa. Mmoja wetu alikuja na mdogo wake wa kike, ana miaka 13 hivi, huyu mtoto anacheza na wavulana pale uwanjani kwetu peku na wanamuogopa. Ghana wakatangulia, Diana Msewa akarudisha tukaruka wote mpaka benchi likaanguka, mapumziko moja moja. Kipindi cha pili Alice Kusi la pili, Evelyn Badu la tatu, na lilipoingia la nne mwenye banda hata hakuuliza, kabonyeza rimoti, kaweka muvi ya kutafsiriwa. Na sisi wanaume sita tukakaa kimya. Mimi pia. Nilishaanza hata kufuatilia ile muvi. Yule mtoto peke yake ndo akageuka akasema "anko mbona mpira haujaisha?"

Sasa jiulize angethubutu kufanya hivyo siku ya CHAN? Wangemchomea banda.

Basi kwa kuwa hakuna aliyechambua, ngoja nichambue mwenyewe, mimi ni shabiki wa Coastal Union ya hapa Tanga kwahiyo maumivu ya mpira nayajua kuliko wengi. Mechi ya kwanza na Mali tumefungwa moja bila. Ya pili Oujda na Afrika Kusini, hawa ndo walikuwa mabingwa watetezi, walibeba kombe 2022, Opa Clement akapiga penalti kipindi cha kwanza tukaongoza, kipindi cha pili beki wao Bambanani Mbane akasawazisha. Ya tatu na Ghana tupo sawa mapumziko tunarudi tunakula tatu. Huoni kitu hapo? Kipindi cha pili tunakufa. Ni pumzi? Ni mabadiliko ya kocha? Ni kwamba wanaocheza ligi ya hapa hawajazoea mechi za kasi ile kila baada ya siku tatu nne? Mimi sijui, mimi bodaboda, ila mchambuzi anayelipwa alitakiwa amuulize kocha wa Twiga, Bakari Shime, maswali haya na kocha alitakiwa ajibu. Shime ni kocha mkubwa, ndo aliyewapeleka Serengeti Girls robo fainali ya Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17 kule India 2022, tukamfunga Ufaransa mbili moja. Mtu kama huyo hahitaji kubembelezwa.

Najua jibu litakuja, mpira wa wanawake bado mchanga tuwape muda. Mchanga wa nini? Twiga walienda hayo mashindano ya WAFCON mara ya kwanza 2010 Afrika Kusini, wakafungwa zote tatu, mwenyeji mbili moja, Mali tatu mbili, Nigeria tatu bila. Miaka 15 hiyo. Mtoto aliyezaliwa siku ile sasa hivi yupo sekondari. Katikati hapo Simba Queens kafika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika 2022, Clara Luvanga anafunga magoli Saudi Arabia na Al Nassr, Aisha Masaka kasajiliwa Brighton Uingereza, Opa mwenyewe kacheza Mexico, na Juni hii hii kabla ya kwenda Morocco wamebeba CECAFA, kombe la Afrika Mashariki na Kati, pale Chamazi kwa kumfunga Kenya. Hao wachanga kivipi? Wachanga ni sisi tunaoangalia.

Angalia Nigeria. Mwaka 2022 walitolewa nusu fainali na Morocco kwa penalti, mbele ya watu 45,562 pale Rabat, wakapoteza na mechi ya mshindi wa tatu kwa Zambia. Kwao kuwa wa nne Afrika ilikuwa aibu, sio uzoefu. Mwaka huu wamerudi na jina kabisa la kazi, Mission X, maana yake wanataka kombe la kumi, sio kushiriki. Fainali Julai 26 wanakutana na Morocco hao hao, nyumbani kwao Rabat, dakika 24 tu Chebbak na Mssoudy wameshawapiga mbili bila. Mimi nilizima simu nikaenda kuosha pikipiki, nikajua imeisha. Nawasha naambiwa Nigeria kashinda tatu mbili, Okoronkwo kwa penalti, Ijamakinwa, na Echegini dakika ya 88. Nilijilaumu mpaka leo. Rais wa Nigeria akawapa kila mchezaji dola laki moja na nyumba. Hela sawa, nzuri, na huko nyuma hawa dada wamewahi kuandamana Abuja kudai posho zao kwahiyo wamezitolea jasho, ila kabla ya hela kuna watu wanaowadai. Ukidaiwa unajua upo.

Hapa nisieleweke vibaya mhariri. Sisemi watukanwe. Matusi wanayo tayari, na ya kijinga, kuna watu kijiweni ukitaja mchezaji wa Twiga wanaanza kubishana kama ni mwanamke kweli, mara anatembeaje, mara kanyoa vipi, dakika ishirini zinaisha hakuna aliyetaja pasi hata moja. Au mwingine anauliza nani ameolewa. Huo sio uchambuzi, huo ni umbea wa wanaume na tunao mwingi tu. Mimi nataka mtu aseme beki wa kulia alipanda akachelewa kurudi, goli la pili lake. Mchezaji akisoma hivyo gazetini ataumia, atakasirika, atajua pia kuna mtu alikaa dakika tisini anamuangalia yeye.

Na ratiba mtuandikie. Mechi za ligi ya wanawake nazijua kwa kuambiwa zimeisha. Kuna siku nimempeleka abiria uwanja wa Mkwakwani nikasikia kelele ndani nikadhani mazoezi, kumbe mechi, nikaingia nikaangalia nusu saa nikakosa na abiria wa kurudi, sikujuta. Ila nisingempata yule abiria nisingejua.

Oktoba hii ya 2025 Twiga wanacheza na Ethiopia, mechi mbili, nyumbani na ugenini, wanatafuta tiketi ya WAFCON ijayo. Mwenye banda nimeshamwambia aandike ubaoni, kasema ataangalia. Yule mtoto kila nikipita ananiuliza tarehe, nimemwambia itatoka kwenye gazeti. Kwahiyo mhariri itoe. Na tukifungwa, kesho yake naomba mnune.

Dereva bodaboda,
Makorora, Tanga