Bendi za soul za mikoani nazo ziandikwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nichangie mjadala wa historia ya muziki wa dansi nchini. Makala zinazoandikwa kila mara zimewatendea haki NUTA Jazz, Western Jazz, Tabora Jazz na Morogoro Jazz ya marehemu Mbaraka Mwinshehe, na sina ugomvi nazo hata kidogo. Ninachokilalamikia ni kundi jingine ambalo hupewa mstari mmoja, likibahatika kutajwa: zile bendi za vijana zilizopiga rock na soul, yaani muziki wa Wamarekani weusi, katika klabu, hoteli na kumbi za mikoani, hasa huku kwetu kandokando ya Ziwa Victoria, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960.

Kwa maoni yangu zimesahaulika kwa sababu historia tunayosomewa imejengwa juu ya kanda za Radio Tanzania na santuri zilizotengenezwa Nairobi. Ili bendi iingie katika kanda hizo ilibidi iwe na tungo zake yenyewe, aghalabu za Kiswahili, na iwe na uwezo wa kuwasafirisha wanamuziki wote hadi studio, kazi ambayo kwa bendi ya Mwanza haikuwa ndogo. Bendi ya klabu iliishi kwa utaratibu mwingine. Mteja aliyelipa kiingilio alitaka kusikia nyimbo za James Brown, Otis Redding na Wilson Pickett kama alivyozisikia kwenye santuri, na sifa ya bendi ilikuwa kuzipiga hivyo hivyo bila kupunguza kitu. Nani angerekodi kopi? Watu walicheza, wakalipa, wakarudi makwao, na asubuhi hakukuwa na ushahidi wowote kwamba muziki ulipigwa.

Tena Mwanza isisomwe kama mkia wa Dar es Salaam. Safari ya treni kwenda huko ni ndefu, ilhali meli zilituunganisha na Bukoba, Kisumu na Port Bell, na MV Victoria, iliyoanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1960, ilibeba watu na vitu vyao kutoka bandari hadi bandari kabla Jumuiya ya Afrika Mashariki haijavunjika mwaka 1977. Kampala ilikuwa na Cranes Band, ambamo walitoka wanamuziki walioanzisha Afrigo mwaka 1975, na Moses Matovu amepuliza saksafoni katika bendi hiyo kwa miongo mingi. Mombasa nayo ilikuwa na Slim Ali na Hodi Boys, waliopiga soul hotelini na klabuni kwa ufasaha ambao hata leo unashangaza. Atakayeandika habari za soul ya Kanda ya Ziwa aanzie bandarini.

Wapo watakaosema kwamba muziki huo ulikuwa wa kuiga na kwamba Serikali yenyewe iliukataa. Ni kweli kwamba Novemba 1969, Dar es Salaam ikiwa bado chini ya Mkoa wa Pwani, uongozi wa mkoa ulipiga marufuku soul jijini humo, muda mfupi baada ya Operesheni Vijana, kampeni ya Umoja wa Vijana wa TANU, kuanza kupambana na vimini, mawigi na suruali za kubana. Lakini marufuku hiyo ilibishaniwa sana, na sehemu kubwa ya mabishano ilikuwa katika barua za wasomaji kwa wahariri (kwa hiyo ukurasa huu, Mhariri, si wa kudharauliwa). Wapo waliohoji inakuwaje muziki wa ndugu zetu weusi wa Marekani uitwe wa kikoloni, wakati dansi za Wazungu zinaachwa. Marufuku hiyo haikuiua soul. Mwaka 1970 ilianzishwa bendi ya Sunburst, hapo hapo Dar es Salaam, ambayo mwaka 1976 ilitoa albamu ya Ave Africa huko Zambia. Na Afro 70 ya Patrick Balisidya, iliyochanganya ladha hizo na za nyumbani, iliiwakilisha nchi katika FESTAC, tamasha la sanaa na utamaduni wa watu weusi, Lagos, mwaka 1977. Hawa tunawakumbuka kwa kuwa walirekodi.

Jambo jingine ni la vyombo. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, wanamuziki wake waliajiriwa, na hata jina lilipobadilika kuwa Juwata, kisha Ottu, kisha Msondo Ngoma, ukoo wake unafuatika. Bendi ya klabu ilitegemea mwenye vyombo, ambaye mara nyingi alikuwa mfanyabiashara mmoja. Magitaa, amplifaya, drams na kinanda vilikuwa vyake, na jina la bendi mara nyingi lilikuwa lake pia. Wakikorofishana kuhusu malipo, anafungia vyombo stoo, wapigaji wanatawanyika, na baada ya miezi michache watu wale wale wanaonekana katika ukumbi mwingine kwa jina jipya. Ndiyo maana wazee wawili wanaweza kutaja bendi mbili wakibishana, kumbe wanazungumzia vijana wale wale.

Ninalo daftari la mjomba wangu, aliyekuwa mwimbaji katika bendi mojawapo hapa mjini. Maneno ya nyimbo za Kiingereza yameandikwa kwa tahajia ya Kiswahili, kama sikio lilivyoyapokea, na pembeni kuna herufi za ufunguo na alama inayoonyesha gitaa la solo linapoingia. Kurasa za nyuma zina madeni: nauli, nyuzi, sare. Ndani yake kuna picha ya vijana waliovaa suruali za pekosi, zile pana chini, na viatu vya raizoni vyenye soli nene, na jina la bendi limechorwa kwenye ngoma kubwa ya drams, ila stendi ya kipaza sauti imelikata katikati.

Ombi langu ni kwamba gazeti litenge sehemu ya ukurasa wa burudani, walau mara moja kwa mwezi, kwa picha za namna hii kutoka mikoani, zichapishwe pamoja na ombi la kuwatambua waliomo, na majibu ya wasomaji yachapishwe hata yakipingana. Maofisa utamaduni nao wapekue majalada ya vibali na usajili yaliyobaki tangu enzi za BAMUTA, lililokuwa Baraza la Muziki, kabla ya BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, kuundwa mwaka 1984, maana jina la mwenye vyombo huenda limo humo. Picha niliyoitaja nimeiambatanisha na barua hii. Daftari nitalileta mwenyewe kwa mwakilishi wenu wa Mwanza akinihitaji, mradi lirudi.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Kirumba, Mwanza